Kipimo cha maji: jinsi ya kuwafundisha watoto wadogo umoja darasani kwa maigizo

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea niliandaa igizo la umoja, na niliandaa kwa moyo wote jamani. Simba mfalme mmoja, sungura mjanja mmoja, na waliobaki, kama 20 hivi, nikawafanya miti. Kazi ya mti ni kusimama umenyoosha mikono basi. Katikati ya igizo mti mmoja akashusha mikono, akatoka zake nje kunywa maji, akarudi, akasimama sehemu nyingine kabisa, na hakuna aliyeshtuka, si simba si sungura, hata mimi nilikuja kujua baadaye nilipoona kifua cha shati lake kimelowa. Yaani igizo la umoja limechezwa na watu 2, wengine wote mapambo.

Toka siku hiyo nina kitu nakiita kipimo cha maji. Kabla sijaingiza mchezo wowote darasani najiuliza, mtoto yeyote akitoka kwenda kunywa maji, mchezo utakwama? Ukikwama, huo mchezo unafundisha umoja hata kama neno umoja halijatajwa popote. Usipokwama, imbeni "umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu" mpaka sauti zikauke, watoto watakachoondoka nacho ni kwamba duniani kuna mastaa na kuna miti.

Mwongozo huu ni kwa watoto wa miaka 4 mpaka 8 hivi. Huhitaji kuwa umewahi kupanda jukwaani, huhitaji mavazi wala pazia. Unahitaji nafasi, chaki, kitu cha kugonga, kofia moja, shuka moja na magazeti ya zamani, na uvumilivu, huo uje nao mwingi.

Hatua ya 1: Nafasi na ishara

Sogeza madawati ukutani, chora duara kubwa la chaki sakafuni au bandika tepu. Duara si urembo, kwenye duara kila mtu anamwona kila mtu na hakuna wa nyuma. Kabla watoto hawajavua viatu pita mwenyewe ucheki misumari, vigae vilivyopasuka na kona za meza, maana ukishaanza hutakuwa na macho ya kutosha.

Kisha fundisha ishara 2, na uzifundishe kama gemu siku nzima kabla ya igizo lolote. Ya kwanza ni "Ganda!", unagonga kigoma (au ndoo) mara 2 na kila mtu anabaki hivyohivyo alivyo, mguu juu, mdomo wazi, yote. Ya pili ni "Yeyuka", watoto wanashuka taratibu mpaka chini kama mshumaa unavyoisha. Hiyo ya pili itakuokoa sana, watoto wakishapandisha mzuka huwezi kuwaambia tu "kaeni chini", wanahitaji njia ya kushukia.

Sheria nyingine ni ya kofia. Nikiivaa mimi si mwalimu tena, ni mtu wa kwenye stori, nikiivua nimerudi. Na kila mtoto ana haki ya kusema "napita" bila kuulizwa kwanini. Usiogope kwamba wote watapita, wanapita siku 2 za kwanza kukupima tu wakuone kama ulimaanisha.

Kama darasa ni kubwa, watoto 40 au 50, gawa nusu kwa nusu. Nusu wanaigiza, nusu wanatengeneza sauti, mvua, upepo, milango inayolia, hatua za mtu anayekuja. Ila wape sauti zinazoamua mambo, yaani mvua isipoanza kunyesha wale wa katikati hawawezi kuendelea, vinginevyo umeshatengeneza miti mingine ya kukaa.

Muda: dakika 15 kwa wa miaka 4 na 5, mpaka 30 kwa wakubwa. Kata wakiwa bado wanataka.

Hatua ya 2: Kupasha moto

Michezo ya kupasha ipo mingi, mi nabaki na 3 tu na narudia wiki hadi wiki, watoto hawachoki kurudia, tunaochoka ni sisi.

Mvua. Mnakaa duara, we unaanza kusugua viganja, wa kulia kwako anapokea, anayefuata naye anapokea, mpaka sauti imezunguka. Inakuja raundi ya vidole, halafu kupiga mapaja, halafu kukanyaga miguu, halafu mnarudi nyuma hivyohivyo mpaka kimya. Hapa hakuna kuruka foleni, mvua inafika kwako kupitia kwa jirani yako. Mtoto akisinzia mvua inakatika palepale na wote wanasikia.

Kioo. Huu wengi wanaujua ila wengi wanauendesha vibaya. Kuna Mmarekani mmoja, Viola Spolin, mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anafundisha maigizo Chicago, na watoto aliokuwa nao wengi walitoka familia za wahamiaji, lugha tofauti, desturi tofauti, akawa anatumia michezo ya namna hii ambayo haikulazimu mtu kujua kuongea vizuri ndo acheze. Kioo ni hivi: wawili wanatazamana, mmoja anasogea, mwenzie anamfuata kama picha kwenye kioo. Sasa watoto wakiachiwa wanageuza kuwa mashindano, anayeongoza anarusha mikono haraka ili mwenzie ashindwe, halafu anacheka. Hapo ndo weka sheria moja inayobadilisha mchezo wote: mwenzio akipotea, aliyekosea ni wewe unayeongoza. Waambie nitapita nyuma yenu, nikishindwa kujua nani kiongozi nani kioo, mmenishinda. Utashangaa mikono inavyoanza kwenda taratibu kama wako chini ya maji, na macho ya anayeongoza yanahama kutoka kwenye mkono wake mwenyewe kwenda kwenye uso wa mwenzie. Macho yakihama hivyo, umefika.

Kisiwa. Tandaza magazeti, gonga kigoma watu waogelee, ukiacha kugonga kila mtu awe kisiwani. Kila raundi unaondoa gazeti moja. Unaondoa gazeti, hauondoi mtoto! Ile michezo ya kutoa mtu mmojammoja mpaka abaki mshindi siitaki kabisa kwenye kipindi hiki, kwa sababu wanaotolewa wa kwanza ndo walewale wanaohitaji kucheza zaidi, na wanakaa pembeni kuangalia wenzao wakifurahi. Mwishoni mmebaki na kisiwa kimoja na watu 12. Usalama: hakuna kubebana wala kupandiana, hata ncha ya kidole cha mguu ikigusa gazeti umeokoka. Tegea sikio kwenye maneno, "njoo hapa kuna nafasi", "shika mkono wangu".

Hatua ya 3: Jongoo

Hili ndo igizo langu la msingi na ningeambiwa nibaki na moja ningebaki na hili. Gharama yake ni sifuri na linapita kipimo cha maji bila shida, maana kila mtoto ni mguu.

Watoto 8 mpaka 10 wanasimama mstari, mikono mabegani kwa wa mbele. We unasimulia: alikuwepo jongoo, siku moja miguu yake ikaamka inagombana. Sasa jongoo anataka kuvuka darasa mpaka ukutani. Twende!

Mara ya kwanza atakatika. Wa mbele wanakimbia, wa kati wanakanyagana, wa nyuma wanaburutwa. Mwache akatike. Kisha uliza "jongoo kakatika wapi? tufanyeje?" halafu unyamaze. Kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye mwongozo huu, mimi huwa nahesabu mpaka 20 kichwani ili nisijibu mwenyewe. Mmoja atasema twende polepole, mwingine atasema tuhesabu, mwingine atasema tuimbe kushoto kulia. Jaribuni kila wazo, hata lile unaloliona wazi halitafanya kazi, hilo hasa.

Raundi ya pili ni ugomvi. Miguu ya mbele wakae kikao chao, ya kati kivyao, ya nyuma kivyao, dakika 2 tu, kila kundi lije na malalamiko yake. Navaa kofia nakuwa Kichwa cha jongoo, kichwa chenyewe hakijui kitu, "jamani mimi nataka kwenda kulala, mbona siendi?" Mbele wanasema sisi ndo tunaona njia. Nyuma wanasema sisi ndo tunasukuma. Safari moja niliuliza miguu ya kati mna nini, kakajibu kabinti kamoja, "sisi hakuna mtu anatujua." Sikuwa nimemfundisha mtu hilo.

Baada ya hapo miguu inagoma, kwanza mmoja tu anakaa chini, jongoo ajaribu kutembea, kisha 2, kisha 3. Wanapaswa kuhisi mwilini kwamba mguu mmoja wa katikati ukigoma safari nzima imeisha, hii hotuba haiwezi kuwapa. Mwisho mvua inaanza (wale wa sauti kazini), shuka ni jani kubwa, jongoo mzima lazima aingie chini ya jani. Kila raundi aliyekuwa mbele anahamia mkiani, usikubali mtu azoee kuwa mbele.

Nielezee na haya mawili maana yatakukuta. Niliwahi kuwa na mtoto aliyekuwa hataki kabisa kuguswa, ukimwekea mkono begani anajikunja. Tukampa kitambaa, ncha moja kashika yeye, ncha nyingine kashika wa mbele yake, na wa nyuma yake naye akashika kitambaa kilichofungwa kiunoni kwake. Basi jongoo kaunganika. Wiki iliyofuata nusu ya darasa wanataka vitambaa. Na mwaka mwingine nilikuwa na binti anayetembea kwa magongo, nikawa najishauri nimpe kazi ya kugonga kigoma au vipi. Kabla sijaamua kashaingia mstarini, gongo moja kampa wa nyuma yake amshikie, mkono kauweka begani kwa mwenzie. Jongoo akawa anakatika palepale mpaka mmoja akaanza kufuatisha sauti ya lile gongo lililobaki, "tak, kanyaga, tak, kanyaga", na jongoo mzima akatembea kwa mwendo huo mpaka ukutani. Ile "tak, kanyaga" ilikaa kwenye lile darasa mpaka mwisho wa mwaka, hata kwenye foleni ya kunawa mikono. Ningempa kigoma ningekuwa nimemfanya mti.

Hatua ya 4: Mwalimu aingie ndani ya igizo

Mwalimu mmoja wa Uingereza, Dorothy Heathcote, alijulikana sana kwa hili, badala ya kukaa pembeni na kuelekeza, mwalimu mwenyewe anaingia kama mhusika. Siri ni kuchagua mhusika asiye na nguvu. Ukiingia kama mfalme au polisi watoto watakutii tu kama kawaida.

Mi huwa mgeni. Navaa kofia, nashika begi kifuani, nasimama mlangoni, sisemi neno. Kabla ya kuivaa nawaambia tu "atakuja mtoto mpya, nyinyi ni darasa lake." Kitakachotokea: watoto 10 watakuvamia kwa pamoja, "unaitwa nani! unaitwa nani!", wengine wanavuta begi. Rudi nyuma hatua moja, angalia chini. Wakizidi rudi nyingine. Subiri. Kuna mmoja atawaambia wenzie "acheni, mnamuogopesha", na kuna mwingine, mara nyingi yule mkimya ambaye hujawahi kumsikia, atakuja kukaa karibu yako bila kusema kitu, labda anakusogezea krayoni. Hapo mgeni anainua macho kidogo.

Vua kofia uulize: yule mgeni alianza kutulia lini? Nani alifanya nini? Wanakumbuka vizuri mno, na yule mkimya anasikia jina lake likitajwa na wenzie.

Halafu rudieni, safari hii mgeni awe anaongea lugha ya ajabu isiyokuwepo, "bilibili toko". Wataanza kuonyesha kwa mikono. Kama darasani kuna mtoto ambaye hajaijua vizuri lugha mnayofundishia, mchezo huu unamsaidia bila kumtaja.

Hatua ya 5: "Simamisha!" (kuanzia miaka 6 hivi)

Hii inatokana na kazi za Mbrazili Augusto Boal, ambaye kwenye maigizo yake mtazamaji aliweza kusimamisha igizo na kuingia kulibadilisha. Kwa watoto tumia soksi kama vikaragosi. Soksi 3 zinajenga mnara, ya 4 inakuja, "naomba kucheza." "Hapana, tumeshatosha." Igizo linaisha vibaya. Unalirudia, na safari hii yeyote anaweza kusema "Simamisha!", akaja akavaa soksi na kufanya tofauti.

Angalia wanabadilisha soksi ipi. Karibu wote wanaanza na ile iliyokataliwa, iombe vizuri, ilete zawadi, ikamwambie mwalimu. Yaani mzigo wote tumemtwisha aliyeonewa! Ruhusu mawazo mawili matatu ya hivyo halafu sema, sasa hii soksi ya 4 hairuhusiwi kubadilika, ibaki hivyohivyo, tubadilishe mojawapo ya zile 3. Hapo panakuwa kimya kidogo, kisha kuna mmoja ataivaa soksi ya katikati aseme "mi nataka acheze, kama hachezi na mi natoka." Igizo zima linageuka.

Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Marekani, alifika mbali zaidi, aliweka kanuni kabisa darasani kwake kwamba hakuna kumwambia mwenzio hawezi kucheza, na kabla ya kuiweka alizunguka kuwahoji watoto wenyewe, mpaka wa madarasa ya juu. Mi nakushauri usiitangaze kanuni hiyo siku ya kwanza, ije baada ya soksi, wakishakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

Na tafadhali, usiigize ugomvi uliotokea jana kwa majina au kwa kufanana. Usimpe mtoto anayeonewa nafasi ya anayeonewa, wala mkorofi nafasi ya mkorofi, hata akiomba. Soksi zipo kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Stori zao

Hili nalo Paley alilifanya kwa miaka mingi: mtoto anasimulia stori, mwalimu anaandika kama ilivyosemwa, siku hiyohiyo darasa linaiigiza. Andika ukurasa mmoja tu, usisahihishe, kama "simba akala gari akalala" basi iwe hivyo. Waigizaji mi nawachukua kwa kufuata duara, anayefuata ndo anakuwa simba, awe rafiki wa msimulizi au la, wa kike au wa kiume. Wataleta kelele wiki ya kwanza ("mi simtaki huyo kwenye stori yangu"), shikilia hapohapo. Mtu akiangukia kuwa ukuta, muulize msimulizi, huu ukuta unafanya nini? Mara nyingi ukuta unaishia kuongea.

Maswali ya baadaye

Ukiuliza "tumejifunza nini?" utajibiwa "umojaaa!" kwa sauti moja, na hujapata kitu. Uliza kitu chenye mwili: jongoo alikatika kwa nani? Nani alikusogezea nafasi kisiwani? Nani leo hukuwahi kushika bega lake? Maswali 2 yanatosha, dakika 3, kisha yeyuka.

Yatakayokusumbua

Mtoto anayetaka kuwa bosi kila mara: mfanye mkia, au Kichwa kisichojua kitu, asubiri kuelekezwa. Anayecheka na kuharibu: huyo mara nyingi anaona aibu, mpe sauti ya kusimamia. Kelele zikimwumiza mtoto masikio, akae karibu na mlango na awe yeye ndo mwenye kuamua mvua inaisha lini, akinyoosha mkono mvua ikate. Na wakuu wakikuomba shoo ya wazazi, mimi huwa naalika wazazi kuja kuona kipindi cha kawaida, nikiwaingiza na wao kwenye jongoo. Ukianza mazoezi ya shoo utarudi kwenye simba na miti, nakwambia, sijui kwanini lakini tunarudi wote.

Kujua kama inafanya kazi

Usipime kwenye kipindi, pima mapumziko. Chukua daftari, mara 2 kwa wiki andika nani kakaa peke yake bila kupenda, nani kachagua kucheza na nani. Baada ya wiki 6 hivi linganisha. Kama ni walewale wa siku ya kwanza, rudi kwenye kioo na ubadilishe jozi, huenda umekuwa ukiwaacha wachaguane wenyewe.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho walimu wengi hatukipangi ni mtoto asiyekuja. Akiwa mgonjwa siku 3 duara linajiziba, akirudi anakuta hana pa kukaa. Sisi tunaacha nafasi yake wazi kwenye chaki, mvua ikifika hapo wa pembeni wanairusha juu ya ile nafasi, na jongoo anatembea na pengo. Akirudi aliyekuwa nyuma yake ndo ana kazi ya kumwelezea tulipofika. Siku moja nilisahau, nikafuta chaki yote kupiga deki, asubuhi nikakuta wameshachora upya, na kati ya watu wawili wameacha nafasi.